CD ya Mzee Leboo

Maryamu, naandika nimejificha nyuma ya printa hapa dukani.

Mzee Leboo katoka Handeni na CD moja tu, ndiyo yenye marehemu mkewe akiimba kwaya. Nyingine hana. Kaja nimwekee kwenye simu.

Na mimi juzi niliweka zile programu za kuidanganya kompyuta ione CD ambayo haipo. Niliweka mbili! Ulinikataza, najua.

Nimeingiza CD yake, kioo kikawa bluu, kompyuta ikajizima. Kuwasha, deki ya CD haionekani kabisa. Draiva za zile programu mbili zimegombana. Nabonyeza kitufe, haifunguki.

Nikaropoka, "Mzee, haionekani."

"Haionekani vipi, na nimekuona ukiitia?"

Hakupaza sauti. Bora angefoka! Jasho lilinitoka mpaka mgongoni. Haionekani vipi, Maryamu!

Nikazima, nikachomeka pini kwenye kale katundu ka mbele ya deki, ka kuifungua ikikwama, nasukuma huku namwomba Mungu. Ikatoka nzima, haina hata mkwaruzo.

Nikamkabidhi kwa mikono miwili. Kaipangusa kwa shuka lake, kaigeuza, kaigeuza tena, halafu kanirudishia.

"Haya mwanangu. Iweke tena."