Mbuzi na Ufunguo wa Gari

Jumanne, usiku

Kumbe si jini! Wiki nzima gari linawaka na kuzima papo hapo, na mama mkwe analifukizia ubani.

Leo fundi Saidi kauangalia ufunguo wangu wa kuchonga, niliochongesha ule wa gari ulipovunjika. "Bosi, kichwa cha ule uliovunjika kiko wapi? Ndani mna kidude. Gari lisipokitambua, linazima."

Kiko shingoni mwa mbuzi wa mama mkwe! Alikiokota akamvisha, eti kumkinga na kijicho cha majirani.

Tumemkimbiza mbuzi mpaka tukamkamata, fundi akakibandika kichwa karibu na swichi. Gari halizimi tena. Ila sasa mwizi yeyote akichonga ufunguo anaondoka nalo.

Mama mkwe kanuna, mbuzi wake hana kinga. Nimemfunga mbuzi kwenye bampa la gari. Walindane.