Sadaka ya Kushukuru Virusi

Mikumi,
Jumapili, 9 Machi 2025

Kaka yangu Urbanus,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, pamoja na wifi yangu Hildegarda na watoto, na kwamba lile goti lako limetulia kidogo. Mimi huku sijambo. Kifua kilinisumbua wiki mbili, sasa kimeniachia. Mikumi ni ileile uliyoiacha: malori usiku na mchana, na nyani wanaojua saa ya kupika kuliko wenye majiko.

Nimepokea salamu zako kwa mkono wa katekista Deogratias, pamoja na gunia la mchele. Ujumbe wako aliukariri wote bila kuruka neno, maskini, hata sehemu ambazo mwenyewe alikuwa anaona haya kuzisema. Unanipa pole kwa virusi vilivyokula mashine yangu. Unasema ulikuwa ukiniambia siku zote kwamba minyororo yangu ni kazi bure. Unanishauri nimpe Gerald aitazame, kwa kuwa yeye ni kijana wa kisasa. Unasema pia kwamba Mungu ana njia zake, maana nakala ya ile karatasi ya shamba ya Bundala ilikuwa humo ndani ya mashine, na sasa kamati ya ardhi ikikaa Kilosa siku ya Alhamisi, Bundala atasimama mikono mitupu na zile ekari sita za Rudewa zitarudi kwetu. Mwisho ukaongeza kwamba umetoa nia ya misa ya shukrani. Kaka, nina miaka hamsini na miwili. Nimeona watu wakishukuru kwa mvua, kwa mtoto, kwa kupona homa. Wewe ni mtu wa kwanza ninayemjua kutoa sadaka kwa ajili ya virusi.

Na kwa kuwa umenipa ushauri wa ulinzi, niruhusu nami nikueleze kidogo. Wewe ni mkubwa wangu na heshima yako naijua, lakini pasiwedi ya simu yako ni moja mbili tatu nne, na bado umeiandika kwa kalamu kwenye kava. Kwenye jambo hili naomba unisikilize.

Laptop ile niliinunua kwa mwalimu aliyekuwa anahama, ikiwa imeshatumika, na uwezo wa kununua nyingine sina. Ndiyo mume wangu na ndiyo pensheni yangu. Mkoba wa laptop sikununua, maana mkoba ule ni tangazo kwa wezi. Mashine yangu ikisafiri naifunga kwa nailoni na kanga mbili, naitia kwenye kiroba kilichobebewa dagaa, na sijawahi kukutana na abiria aliyetaka kunisaidia kukishika. Dukani ninapochapia watu kazi zao, fundi wa mageti alinichomelea fremu ndogo ya chuma inayoikamata mashine kwa chini, na fremu imefungwa kwa mnyororo wa baiskeli kwenye mguu wa meza. Miguu ya meza imechimbiwa kwenye saruji. Meza iko mbali na dirisha. Jina langu nimelikwaruza kwa msumari upande wa chini wa mashine, na namba yake ya kiwandani nimeiandika kwenye jalada la kitabu changu cha sala, kwa sababu mwizi hubeba kila kitu nyumbani kwa mtu isipokuwa kitabu cha sala.

Huyo Gerald wako ana duka mkabala na langu. Mashine yake ya kwanza aliiweka dirishani ili wapita njia waone kwamba anayo. Wakaona. Waliivuta kwa mti wenye ndoano kupitia kwenye nondo, na chaja yake nyuma, yeye akiwa chumba cha pili anasikiliza mpira. Ya pili ameibandikia picha ya mtakatifu na kuitafutia mkoba mwekundu wenye maandishi mgongoni. Nadhani mtakatifu naye amechoka.

Kwenye virusi ndiyo usiseme. Gerald anapokea flashi yoyote kutoka mfuko wowote, anachomeka, anashangaa mafaili yamegeuka njia za mkato zisizofunguka, kisha anakuuzia dawa. Dawa yenyewe ni programu ya wizi aliyoitoa mtandaoni, na ili iingie ni lazima kwanza uzime ulinzi ulionao. Ni sawa na mtu kufukuza mbwa wake ili mwizi apate nafasi ya kumlindia nyumba, na watu wazima wenye vyeti wanapanga foleni kulipia huduma hiyo.

Mimi natumia ulinzi uliokuja na mashine yenyewe, wa bure. Kila Jumamosi asubuhi nanunua bando dogo kwa kazi moja tu ya kuusasisha, sifungui video wala picha za harusi za watu. Nina njia mbili za kuingilia kwenye mashine: moja ya kazi za kila siku, ambayo haina ruhusa ya kuingiza programu yoyote, na nyingine ya mwenye mali, ambayo pasiwedi yake iko kichwani mwangu tu. Flashi ya mteja haifunguliwi kabla ya kukaguliwa, na ikikutwa na mdudu inarudi kwa mwenyewe, hata awe mchungaji na mahubiri yake ya Jumapili. Imewahi kutokea, na hajanisalimia tangu siku hiyo. Kila Ijumaa nanakili kazi zote za wateja kwenye flashi mbili. Moja inabaki dukani, ya pili iko nyumbani ndani ya kopo la majarini lenye mchele mkavu, ili isipate unyevu. Miaka kumi na moja, kaka, hakuna mteja aliyenikabidhi karatasi nikaipoteza.

Tuje sasa kwenye karatasi ya Bundala. Mwaka 2019, nikiwa bado na kibanda Kilosa mjini, alikuja nayo imekunjwa mara nane ndani ya mfuko wa shati. Ilikuwa hati ya kuuziana shamba, marehemu baba yetu akiwa ndiye muuzaji. Aliniomba niiweke kwenye kompyuta, kwa kuwa aliona mchwa wamekula vyeti vya jirani yake. Nilimcheka moyoni. Mtu wa ng'ombe, kaja juzi tu kutoka huko Shinyanga, kusoma kwenyewe kwa taabu. Sijitoi, mimi na wewe tuliwasema watu wale kwa lugha moja. Lakini katika Rudewa nzima ni yeye peke yake aliyewaza kuweka nakala. Mwaka jana mafuriko yalipoingia kwake, sanduku lilikwenda na hati ikaenda nalo. Ikabaki hiyo niliyonayo mimi.

Ulilijua hilo kwa sababu nilikuambia mwenyewe, mwezi wa kwanza, ulipokuja kunijulia hali. Ulikaa kwenye kiti cha wateja ukanywa chai yangu, ukatazama fremu na mnyororo, ukacheka. Ukasema lingekuwa jambo jema mashine hii ipate virusi walau siku moja. Hukuniamuru. Wewe huwa huamuru mtu, unacheka, ili baadaye upate kusema ulikuwa unatania.

Wiki mbili baada ya hapo alifika Limi, binti yake Bundala, mtoto mgongoni, amebadilisha magari mawili kutoka Rudewa. Aliniamkia kwa goti, nikaitikia marahaba. Akaeleza kwamba kamati inataka ushahidi wa maandishi na baba yake amemtuma achukue ile nakala. Nikamwambia mashine imepata virusi na vimekula kila kitu. Hakuuliza mara mbili. Alinipa pole. Akasema kwao mtu akifiwa na ng'ombe wake hapewi pole mlangoni, watu huketi naye kidogo. Basi akaketi kwangu karibu nusu saa, mtoto amelala, kisha akaaga akaenda kutafuta gari.

Habari zilimfikia Gerald siku ileile. Alivuka barabara kuja kunipa pole kwa sauti ya kusikika mpaka stendi, akawaambia wateja wangu kwamba huyu mama ndiye aliyekuwa akitufundisha sote usafi wa flashi. Walimu wakuu wawili wamehamishia mitihani yao kwake. Mitihani, kaka, kwa mtu anayeacha mashine wazi akienda kununua chipsi. Aliishika mashine yangu kwa vidole vya mafuta na kunishauri nitumie dawa yake. Nilinyamaza. Sijawahi kunyamaza mbele ya mjinga kwa muda mrefu kiasi kile, na nilinyamaza kwa ajili yako.

Jumanne iliyopita Limi alirudi kuuliza kama fundi amefanikiwa kufufua chochote. Aliniletea dumu la maziwa mgando. Alisema baba yake ametoa pole hiyo kwa kuwa nimepoteza chombo changu cha kazi. Jioni ile niliyamimina kwenye bilauri, kisha nikayarudisha dumuni. Kesho yake ilikuwa Jumatano ya Majivu, nikapakwa majivu pamoja na watu wengine wote, na njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nalifikiria lile dumu.

Sasa, kaka, itazame karatasi uliyoishika. Imechapwa. Ungekuwa mtu wa kutazama, ungejiuliza tangu mstari wa kwanza imechapwa kwa mashine gani, maana mimi ninayo moja tu, na hiyo wewe umeshaitolea misa. Mashine yangu haijapata virusi. Haijawahi hata siku moja. Mashine inayolindwa namna niliyokueleza haiugui kwa sababu mtu anayekunywa chai ametamani iugue. Nilimdanganya Limi. Niliikinga na kila mkono wa mji huu, kisha nikamwibia mteja wangu nikiwa nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe, kufuli halijaguswa. Naandika hivi nikijidharau, na dharau hiyo imebaki ya kutosha kukugawia.

Wala usidhani ni dhamiri peke yake iliyonigeuza. Kilianza kiburi, nilipomwona Gerald akitamba. Nilijiambia pia kwamba labda hati ile ina walakini na wewe unajua jambo nisilolijua, kwa kuwa umewaambia watu wote kwamba hujawahi kuiona. Alhamisi nikafungua faili nikaisoma, maana mwaka ule niliipitisha tu kwenye skana bila kuisoma. Ni mwandiko wa baba. Ekari sita, mwaka 2006, mwaka mama alipopasuliwa na sisi watoto hatukuwa na kitu. Kuna dole gumba la Bundala, na chini yake mashahidi wawili. Wa kwanza ni marehemu mwenyekiti wetu wa jumuiya. Wa pili ni wewe. Sahihi ni ileile yenye mkia mrefu uliyojifunza darasa la saba ukiwa unachafua madaftari yangu.

Jana nilipanda gari mpaka Rudewa. Nilipita mbele ya nyumba yako, sikuingia. Nilimkuta Bundala na binti yake uani, nikawaambia yote nikiwa nimesimama, nikawakabidhi nakala tatu na flashi yenye faili. Bundala aliigeuzageuza flashi kiganjani. Kisha akaniuliza kama mashine imepona. Nikamwambia haikuugua. Akasema basi ni afadhali, na akainuka kwenda kwa ng'ombe wake. Limi alipokea karatasi kwa mkono mmoja. Hakuniamkia nilipofika, na hakuniaga nilipoondoka. Ni mara ya kwanza katika maisha yangu mtu wa umri wake kuninyima shikamoo, na sikuwa na la kumlaumu.

Nakala ya nne nimeiambatanisha hapa. Alhamisi nitakuwa Kilosa na kiroba changu cha dagaa, na kamati ikitaka kuona faili nitalifungua mbele yao, na nitasema nilichokifanya na aliyecheka. Barua hii itakufikia kesho, kwa hiyo unazo siku tatu za kuikumbuka sahihi yako. Ukiikumbuka mwenyewe kabla sijaingia mlangoni, sitakuwa na haja ya kutaja kicheko chako.

Mchele wako unarudi pamoja na Deogratias. Umepungua konzi mbili nilizozitia kwenye kopo la flashi, kwa kuwa ule wa zamani ulikuwa umeingia unyevu. Hizo zihesabu kuwa malipo ya kuchapa barua.

Nisalimie sana wifi Hildegarda, mwambie dawa ya kifua aliyonielekeza ilinisaidia. Wasalimie watoto, na wasiisome barua hii kabla yako, ingawa najua wataisoma, maana najua unavyofunga vitu vyako. Deogratias nimemwomba akukabidhi mkononi.

Baba alitufundisha kwamba mkubwa huamkiwa hata ukiwa umemkasirikia. Mimi sikunyimi. Shikamoo, kaka.

Ni mimi mdogo wako,

Teresia