Nafasi Yangu kwenye Lori la Tomsoni

Jumatatu, 24 Machi 1958

Jana, baada ya ibada ya pili, nilipoteza nafasi yangu kwenye lori la kwenda Tomsoni. Safari niliyoipanga mimi. Lori nililolitafuta mimi. Hata bodi ya lori lenyewe niliipiga mimi, kila ubao, kila bolti.

Leo tangu asubuhi nafunga mbao za lori la maziwa. Nimevunja ncha mbili za keekee kwa hasira.

Niandike ilivyokuwa. Kwaya yetu ya hapa landi, nyumba za wafanyakazi wa reli, haijatoka Nakuru ila kwenda kuzika. Mwezi wa kwanza nilisema, Jumatatu ya Pasaka twende tukaone maporomoko ya Tomsoni, asubuhi kwenda, jioni kurudi. Wakanicheka. Nani husafiri kutazama maji? Nikaenda kwa Mhindi wa mbao, akatupa lori bure, petroli juu yetu, kwa sababu anaijua kazi yangu. Nikaenda kwa D.O., afisa wa serikali, mara tatu kuomba ruhusa, maana siku hizi za Hali ya Hatari watu thelathini ndani ya lori moja ni kesi. Ruhusa ikatoka. Ndipo wote wakaanza kupenda maji.

Jana Barasa akasimama. Yeye ni mwenyekiti wa kwaya, karani wa stoo ya mizigo. Akatangaza mgeni: mama mkwe wangu. Amemtoa kwao Kimilili na kumleta kwa pasi yake ya gari moshi. Barasa ni wa ukoo wa mke wangu, Nekesa humwita kaka. Akasema mama naye atakwenda Tomsoni. Watu wakapiga makofi. Halafu akanigeukia.

"Shemeji, wewe ni mtu wa heshima. Hatuwezi kukupakia gari moja na mama. Safari hii wewe utatuombea tu."

Wakaitikia ndiyo. Kwetu mtu hamwangalii mama mkwe usoni, hali naye, hakai naye chini ya paa moja. Mimi mwenyewe nasema ndiyo. Hapo ndipo paniumapo. Desturi ni yangu pia. Siwezi kuitukana.

Jumanne, 25 Machi

Hesabu. Bodi ni futi kumi na nne. Mabenchi matatu. Inchi kumi na sita kila mtu, watu kumi kila benchi, zinabaki inchi nane za kupumulia. Mbele kwa dereva pana nafasi mbili: mchungaji na Barasa.

Barasa akirudi nyuma, mimi nakaa mbele. Kati yangu na mama kuna bati na kioo, na mgongo wangu uko kwake njia nzima. Nimemuuliza mchungaji, amesema haoni dhambi. Nimemuuliza Barasa. Anasema ana goti. Hilo goti halikumzuia kurukaruka kwenye harusi ya binti wa fundi wa taa mwezi uliopita.

Nimegombana na Nekesa. Anaapa hakujua mama yake anakuja, alisikia pale kanisani kama mtu mwingine yeyote. Namwamini. Nimegombana naye hivyo hivyo.

Alhamisi, 27 Machi

Mama analala kwa jirani, kwa Mama Yona, maana kwangu haiwezekani. Jioni nikirudi inabidi nikohoe kwenye kona ya landi ili aingie ndani kabla sijafika. Mtu mzima, nakohoa kama mgonjwa kwenda nyumbani kwangu.

Leo nilipeleka wazo kwa kamati ya kwaya. Nitapiga ukuta wa mbao katikati ya bodi, kutoka sakafuni mpaka juu. Wanawake mbele, wanaume nyuma. Mbao ninazo. Kazi ya asubuhi moja.

Wakacheka mpaka mmoja akashika benchi. Mwimbaji mmoja wa sauti ya chini akauliza kama nitaweka na mlango na kitasa. Mwingine akasema fundi anataka kumsafirisha mama mkwe kama ng'ombe wa maonyesho. Barasa hakucheka. Alifuta miwani yake, akasema kwa upole kwamba paa la turubai bado litakuwa moja.

Nachukia ule upole.

Jumapili, 30 Machi. Siku ya Matawi

Nimesali nje, chini ya dirisha, kwa sababu mama alikuwa ndani. Mvua ilinyesha kidogo. Niliimba besi yangu yote kutoka nje. Nadhani walinisikia.

Baada ya ibada dereva wa lile lori, mtu wa Subukia, alinivuta kando. Hapendi fitina lakini alisema. Wiki tatu zilizopita, kabla mama hajakanyaga Nakuru, Barasa alimwendea kumuuliza kama kiti cha mbele kina mto, kwa sababu yeye ndiye atakayeongoza safari. Dereva akamwambia kwamba anavyojua yeye, anayeongoza ni mimi. Barasa akamjibu: "Huyo ataachwa na mambo ya nyumbani."

Kwa hiyo alijua. Alisafiri mpaka Kimilili akamchukua mwanamke mzee kama mtu anavyochukua gogo la kuzibia njia. Desturi tunayoiheshimu wote ameifanya rungu. Hakuna mtu wa kabila lingine angeweza kunifanyia hivi. Asingejua pa kupiga.

Nilitaka kumkamata kola pale pale. Watoto walikuwa na matawi mikononi. Nikaenda nyumbani. Nikakohoa.

Jumatatu, 31 Machi

Nimekwenda kwa Mhindi wa mbao. Nikasema habari ya lori imebadilika. Akasema, fundi, lori nimekupa wewe, sikuwapa wale. Neno lako tu. Ukisema halitoki, halitoki.

Nilikaa na neno hilo mdomoni siku nzima. Tamu sana. Nikamwaza Barasa amesimama mbele ya kanisa Jumatatu ya Pasaka na sufuria za maharagwe, chapati zimefungwa kwenye kitambaa, na hakuna gari.

Miaka yangu sita ya utanboi, kazi ya kupakia na kupakua lori, nilipita Tomsoni na lori za magunia, labda kila wiki. Dereva alisimama juu pale injini ipoe. Nilikuwa nayasikia maji yanaunguruma huko bondeni. Kushuka kwenda kuangalia haikuwezekana. Kulikuwa na hoteli ya Wazungu, na bwana mmoja mwenye mbwa wawili. Nikarudi juu ya magunia. Tangu hapo nimejifunza kazi, nimenunua vyombo kimoja kimoja, nina jina mpaka Gilgil. Sijayaona bado. Nimeyasikia tu.

Nikiua safari, sitayaona. Wala Nekesa. Hilo ndilo linalonizuia. Si wema.

Jumanne, 1 Aprili

Nimwandike mama mkwe. Sikutegemea.

Jioni Nekesa alikuwa anapika, nami nanoa randa. Ukuta kati yetu na Mama Yona haufiki juu, na upande wa pili nikasikia kigoda kikivutwa. Kisha sauti. Miaka tisa ya ndoa, sijawahi kusikia ile sauti ikisema zaidi ya maneno mawili.

"Wewe ukuta, mwambie huyo mtu wa mbao mimi si gunia. Nilipoitwa niliambiwa yeye amekataa kwenda, ana kazi. Ningejua ni safari yake nisingepanda gari moshi."

Niliacha kunoa. Nekesa alisimama na mwiko.

"Mwambie tena nitarudi nyumbani kabla ya Pasaka. Lakini nilikuwa nataka. Nimebeba maji kichwani tangu nikiwa msichana. Nilitaka kuyaona yale ambayo hakuna mtu anayabeba."

Kigoda kikavutwa tena. Basi.

Jumatano, 2 Aprili

Hasira yangu imekosa pa kukaa. Barasa namchukia vizuri, huyo yuko mahali pake. Lakini mtu aliyepewa nafasi yangu ametaka kitu kile kile ninachokitaka mimi, na kwa sababu nzuri kuliko yangu.

Nimejipiga nyundo kwenye kidole gumba.

Nimemkuta Barasa stoo ya mizigo, nikamwambia mbele ya wapagazi wake ninayoyajua, juu ya mto wa kiti na yale mambo ya nyumbani. Akasema nisipandishe sauti kazini. Nikamwambia mimi hapa sina kazi, nina sauti tu. Wapagazi wakageuka kuangalia mizigo. Hakukana. Goti analo bado, na kiti cha mbele hakiachi.

Alhamisi, 3 Aprili

Leo nimefanya kazi polepole. Mvua imesimama, ziwa linaonekana jeupe kutoka karakana.

Iko njia. Kwetu huko hufanywa nyumbani, ng'ombe amechinjwa, wazee wamekaa. Mkwe humletea mama blanketi, anamfunika mabegani mbele ya watu. Mama akilishika kwa mikono yake, wanapeana mkono, na haya kati yao inalegea. Wanaweza kusalimiana. Wanaweza kupanda gari moja. Hapa landi sijasikia mtu aliyewahi kuifanya. Nimemuuliza mzee wa kwetu anayelinda lango la yadi, mtu asiyependa mchezo na mambo haya. Akasema kinachohitajika ni blanketi, watu wa kuona, na mama kutaka. Ng'ombe anaweza kufuata baadaye.

Blanketi nimenunua. La sufu, rangi ya kahawa, zito. Liko juu ya sanduku.

Nimemwambia Nekesa yote, na hakubisha. Atapeleka maneno yangu upande wa pili usiku huu baada ya chakula, kama nilivyoyasema, bila kuongeza. Nayaweka hapa ili kesho nisijidanganye kwamba nilisema mengine.

Mama, usirudi Kimilili. Nafasi yako kwenye lori ipo, hata iweje. Mimi nikibaki, nitabaki kwa kupenda, si kwa kufukuzwa na Barasa. Lakini nataka kwenda. Jumatatu alfajiri, kabla hatujapanda, nikikuletea blanketi mbele ya mchungaji na kwaya yote, utalipokea kwa mikono yako?

Usimwambie ukuta. Usimtume Mama Yona, wala Barasa. Njoo mlangoni pa karakana. Unaweza kunipa mgongo, nami nitakupa wangu. Lakini useme mwenyewe, ndiyo au hapana. Jumamosi saa kumi jioni natoka kupeleka lori kutiwa petroli. Nataka jibu kabla ya hapo.