Maji ya Moto, Chunga Watoto

Mama Jeanne,

Niko na miaka makumi saba na munane, na nimebakia. Mafundi wenye tulianza nao kazi ya kujenga, tulikuwa kumi na mumoja. Nilizika wale kumi wote, na wengine nilijenga hata makaburi yao. Nimezika baiskeli tatu, meno yote ya juu, watoto wetu wawili wadogo. Vita zenye hata sijui tena kuzihesabu zilipita hapa Bunia zikaniacha nimesimama. Nilijua njo weye utanizika. Nilikuwa nimekuonyesha hata fasi ya kaburi yangu, pale karibu na ukuta. Basi sasa weye umelala mu fasi yangu, na mimi niko ku kiti, naandika.

Barua hii naandika na mukono yangu. Jeanne alitoka Aru, akaniambia, "Papa, sema tu, mimi nitaandika." Nikakataa. Mutu mwenye anasoma Kichina haandikiwe barua na mutoto yake. Umesikia vizuri, Kichina. Mu mtaa yetu ya Nyakasanza muzima, muzee wa umri wangu mwenye anasoma Kichina ni mimi peke yangu, na hata wa umri wa Jeanne sijui kama unamaliza vidole vya mukono mumoja. Kama mistari inapinda usiseme kitu. Ni macho. Ukuta zangu hazijapindaka.

Nakuita Mama Jeanne kama kila siku. Ile jina ingine, yenye baba yako alikupa na mimi niliacha kuiita siku Jeanne alizaliwa, iko na fasi yake mu barua hii. Ngoja.

Kwanza termosi.

Unakumbuka soko ya Aru, juma ile ya harusi yetu. Nilikuwa najenga depo ya mutu mumoja kule, ukanifuata. Ukaona termosi nyekundu, na ku tumbo yake alama kubwa ya rangi ya zahabu, maandiko ya Kichina. Ukaniuliza, "Inasema nini?" Mimi, miaka tatu ya masomo tu, hata Kifaransa ilikuwa inanikimbia. Muchina nilikuwa nimeona mumoja ku Kisangani, na niliona mugongo yake. Lakini uliniuliza mbele ya muuzaji, na ulikuwa bibi wa siku ine. Nikaweka kidole, nikasoma polepole kama katekista: "Maji ya moto, chunga watoto." Ukasema, "Kumbe weye unajuaka hata hii." Na namna uliniangalia, Mama Jeanne. Mutu akikuangalia vile, neno utairudisha mu kinywa namna gani?

Basi ikabaki. Wageni wakikuja unaleta chai, unaniambia, "Papa Jeanne, usomee wageni." Nasoma. Tulipokimbia njia ya Mambasa uliacha sufuria, uliacha hata kikwembe ya harusi, ukabeba termosi ku mugongo kama mutoto. Kioo ya ndani ilivunjika mara mbili, tukaweka ingine. Na watoto walipotoka wote mu nyumba, tukabaki siye wawili, kila asubui ukinimiminia chai ulikuwa unasema, "Chunga watoto," kiisha unasukuma kikombe yangu mbali na mwisho wa meza. Hakukuwa mutoto. Kulikuwa mimi. Miaka ikaenda vile, nikaanza kuamini kama nilisomaka kweli.

Sasa sikiliza kitu mudogo yako Gaspard alifanya. Siku ya tatu ya matanga, watu wamekaa chini ya shiti ya turubai, Jeanne anapitisha chai na ile termosi. Pasta akanishukuru kwa chai. Mimi, kwa kumufurahisha, nikamusomea. Gaspard akaweka kikombe chini. Unamujua, alikuwa mwalimu miaka yote, mutu akikosea mbele yake anawashwa. Akasema, "Shemeki, ile haisemi maji ya moto. Weye hata Kifaransa ya ku kopo ya maziwa inakushinda." Watu wakacheka, kicheko ya matanga, ya kinywa kufunga.

Nikasimama. Nikasema mbele ya wote, "Mwaka ikitimia nitajenga kaburi ya mama na simenti. Juu yake nitaandika maneno yenye iko ku termosi yake, na mimi mwenyewe nitawasomea."

Gaspard akaniuliza polepole, "Na kama inasema tu jina ya kiwanda?"

Hiyo njo ilinitesa. Kusema nilikuwa nimekwisha kusema, na mimi sirudishaki. Lakini nikifikiri bibi yangu amelala pale mpaka siku ya ufufuo chini ya jina ya kiwanda cha termosi, nilikuwa naacha sahani, naenda kuangalia termosi tena.

Utasema, si ungeuliza tu mutu? Mama Jeanne, unanijua. Kuuliza ilikuwa kuomba.

Kuko mama mumoja hapa karibu, Mama Kavira, alitoka Butembo na bwana yake na watoto. Anaendaka mu China kuchukua mali, masahani, vitambaa, taa. Zamani walimuuzia karto nyingi zenye zilikuwa na kitu ingine ndani, si yenye iliandikwa juu, akakasirika, akajifunza kusoma. Sasa siku ya yenga, ile Jumapili, kiisha ibada, anafundisha wengine mu depo yake, watu sita wa biashara, na tablo moja ya kuandikia. Nikaenda. Nilivaa koti. Akaniuliza, "Papa, unauza nini?" Nikasema, "Siuze kitu. Nataka kusoma." Hakuuliza tena. Ni mama wa akili.

Nilikuta wote wako na simu zenye zinawasemea maneno ku sikio. Mimi nilikata mifuko ya simenti, karatasi ya ndani yenye iko safi, nikaandika neno moja kila kipande. Leo niko na vipande mia mbili na kitu, nimevifunga na kamba. Simu zao zilizimika mara ngapi courant ya umeme ikikatika? Vipande vyangu havizimikaki.

Neno ya kwanza ni mutu. Miguu mbili tu, imefunguka, basi, ni mutu. Akinyoosha mikono, ni kubwa. Ukimuwekea cheche mbili ku mabega, ni moto. Nikasema, hii si kazi ngumu, nitamaliza mbele ya Pasaka. Kiisha wakanipa kinywa. Kinywa ni dirisha, kona ine. Mimi nikajenga kuta ine. Mama Kavira akasema hapana, ni mistari tatu, kona moja kalamu inapinda bila kuinuka, na ile ya chini inafunga mwisho. Nikamuambia, "Mama, nimejenga vyumba mu muji huu mbele ya kuzaliwa yako, chumba iko na kuta ine." Tulibishana mpaka chai ikapoa.

Lakini kosa yangu kubwa ilikuwa ingine. Mimi nilikuwa naandika kila neno kutoka chini. Musingi kwanza, kiisha ukuta, kiisha juu. Mama Kavira ananipiga mukono na rula, "Juu, papa. Kutoka juu, kushuka." Nikamuuliza, "Niambie nyumba gani inaanzaka na mabati." Wale wengine, wananiita koko kama babu yao, wakaanza, "Koko haandike, anajenga." Mama Kavira akawaambia, "Mumuache. Yenye anajenga inasimama." Na kweli ilikuwa inasimama. Lakini kila yenga mukono yangu inarudi chini peke yake, na rula inanikuta pale.

Nilipojua maji na moto, niliweka termosi ku meza na vipande vyangu mbili pembeni. Nikatafuta. Hakukuwa maji. Hakukuwa moto. Sijui nilikuwa natumaini nini. Mimi njo nilitunga uongo ile, na bado niliisikia kama habari mupya.

Kuko neno moja Wachina wanaandika ku karto za glasi, Mama Kavira alituonyesha. Maneno mbili: ndogo, kiisha moyo. Mimi nikasoma, "Moyo mudogo." Akasema, "Ndiyo, na maana yake: chunga, angalia." Nikaangalia karto ile muda murefu. Nilikuwa na moyo mudogo miezi yote hiyo na sikujua iko na maandiko yake.

Mu mwezi wa munane akaja ku mambo ya harusi, juu wale wa biashara wanaagiza vitambaa na masahani ya harusi. Akageuka ku tablo, akaandika. Ubao murefu, muti unaupita katikati, ubao mufupi chini yake. Dirisha. Miguu mbili mifupi juu ya ubao ingine murefu. Na dirisha tena. Nilijua kabisa ile kitu. Ilikuwa nusu ya termosi yetu. Nilikuwa nimeipangusa vumbi mara elfu.

Akasema, "Juu ni ngoma, chini ni kinywa. Ngoma inapigwa, kinywa inaimba. Ni furaha."

Alisema vile tu, na sauti ya kawaida, kama mutu anakuita kutoka jikoni. Furaha.

Kiisha akaandika ingine pembeni, zikashikana mikono, akasema, "Ku harusi wanaweka mbili. Moja ya bwana, moja ya bibi."

Furaha, bibi yangu. Jina yenye baba yako alikupa. Ilikuwa ku meza yetu, mara mbili, kila asubui, kutoka Aru mpaka leo, ilipita vita ku mugongo yako. Weye unaniuliza inasema nini, na mimi naweka kidole juu ya jina yako nasema maji ya moto.

Walikuwa wanangojea niandike. Nikaandika, na mukono ikaanza chini, musingi kwanza. Siku ile Mama Kavira hakunipiga na rula. Nikafunga vipande vyangu, nikarudi ku miguu.

Sasa utaona shida yangu. Kusoma ya kweli mbele ya watu ilikuwa pia kusema kama miaka yote nilidanganya. Watu walewale, pasta yuleyule, Gaspard. Nilifikiri kunyamaza. Nilifikiri kusema maandiko imefutika, niweke tu "Maman Jeanne" kama ku musalaba wa mbao. Juma mbili nilikuwa nazunguka na fikiri ile. Lakini jina ingine nilikuwa nimekunyima tangu mutoto wa kwanza, nikunyime tena mara ya pili na mukono yangu?

Mwaka ikatimia. Jeanne alikuja, Mama Kavira alikuja, watu wa kanisa. Simenti nilichanganya mimi, nilikataa vijana wote. Nililaza, nikapiga nivo ya kupima usawa, Gaspard njo aliishika, na hakuona kosa, hata yeye. Kiisha nikapiga magoti ku upande wa miguu yako, na musumari murefu. Na pale njo nilielewa Wachina. Simenti ikiwa mubichi, ukianza chini, mukono yako inapita juu ya yenye umekwisha kuandika, inaharibu. Ukianza juu, unarudi nyuma polepole, unaiacha safi. Walikuwa na haki. Uwaambie kule, kama kuko wengine wao, mimi siwaambie watu wa hapa. Nikaanza juu. Ngoma, kinywa. Ngoma, kinywa. Zikashikana mikono.

Nikasimama, magoti inalia. Nikasema, "Mulisikiaka nikisoma maji ya moto. Sikuwa najua kusoma. Nilidanganya bibi yangu ku soko ya Aru, na nikaendelea. Leo najua. Inasema Furaha. Furaha na Furaha."

Hakuna mutu alicheka. Gaspard alitoa kofia. Nilingojea anirekebishe kama mwalimu, nilikuwa tayari. Akasema, "Shemeki, dada alijuaka. Siku ile mulirudi kutoka Aru alinionyesha termosi, akaniambia, hajui kitu, lakini umuachie, anasomaka vizuri."

Kumbe. Tangu siku ile. Na ulinisomesha mbele ya wageni miaka yote, uso umekaza, kama mutu wa mahakama. Mimi nilijua niko mujanja mu nyumba ile. Nilicheka pale ku kaburi, Mama Jeanne, mpaka Jeanne akanishika mukono akifikiri ni kitu ingine. Na ilikuwa pia kitu ingine.

Sasa niko vizuri. Magoti inauma, chai nakunywa bila sukari, paa ya jikoni niliirudilia. Ku masomo naenda bado, juu Mama Kavira anasema iko maneno maelfu, na mimi nikianza nyumba naifikishaka. Nakuahidi: kila yenga, kiisha somo, nitakuja na termosi imejaa, nitaketi pale karibu na ukuta, nitakusomea neno ya siku ile. Ya kweli. Kama sijui, nitasema sijui. Hiyo sijaahidi mutu mwingine.

Usifikiri naongeza chumvi. Mama Kavira iko, alisimama upande wa kichwa na hakupata musitari wa kurekebisha. Gaspard iko, na yeye hajapendaka kunisifu, kwa hiyo akisema ndiyo ni ndiyo. Jeanne iko. Na simenti iko, imekauka, mutu akuje aweke kidole.

Lala vizuri, Furaha. Termosi naijaza bado kila asubui, vikombe naweka mbili, cha kwangu nasukuma mbali na mwisho wa meza. Wale wawili wadogo walikutangulia, mulikwisha kuonana. Mimi niko nakuja, polepole. Weye chunga watoto.

Bwana yako,
Papa Jeanne