Baba Casimir, Garaje Yako Haikufungwa

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ya Novemba 1957 ulipotutoka hapa nyumbani Baraka, mkono wako ukiwa mkononi mwa Mama. Ninayeandika ni mimi Florentine, mzaliwa wako wa kwanza, kwa niaba ya wote wa nyumba yako. Miezi ile ya mwanzo nisingeweza kuandika hata mstari. Leo naweza, maana moyo umetulia, na nataka ujue umetuliaje.

Wengi walikufahamu kama fundi wa baiskeli, taa na mashine za kushona. Wachache wanajua ulivyoanza. Mwaka 1951, kwenye kiwanda cha pamba, mkanda wa mashine ulikukata vidole vitatu vya mkono wa kuume. Ulirudi umefungwa kitambaa, ukakaa kwenye kiti karibu miezi miwili, husemi mengi. Mama alikuwa akienda shambani na kurudi, anakukuta pale pale. Halafu siku moja, akiwa bado na jembe begani, ukamwambia:

"Mama Florentine, miye sirudi tena kule. Nitafanya kazi hapa hapa, nyuma ya jikoni."

"Utafanya na nini? Tuko na nyundo moja tu."

"Tutaanza na ile nyundo."

Na kweli ulianza nayo. Dereva mmoja wa lori kutoka Fizi alikupa jeki mbovu ya kamyo yake. Ukaitoa parafujo yake, ukaifunga kati ya vipande viwili vya chuma, ukapata eto ya kubania vitu visicheze. Meza ulipiga kwa mbao za masanduku yaliyotupwa pwani. Fuawe yako ni kipande cha reli alichokuletea rafiki yako Uledi kwa mashua yake kutoka Albertville. Wanaume wanne walikibeba kutoka ziwani, wanacheka njia nzima kwamba Casimir anataka kujenga treni.

Lakini mkono mmoja na nusu haukutosha. Ukishika chuma, huwezi kupiga. Ukipiga, chuma kinaruka. Nakumbuka ulivyoitupa nyundo chini, ukaita kwa sauti ndogo: "Mama Florentine, kuya kidogo. Niazime mikono yako." Mama akaja na unga wa muhogo bado kwenye vidole. Tangu siku ile hakutoka tena. Kwanza alishika, wewe ukapiga. Baadaye akapiga yeye, wewe ukimwonyesha. Akajifunza kutumia tupa, kunyoosha rimu, kusikiliza mashine ya kushona na kujua inaumwa wapi.

Watu walisema. Mwanamke anafua vyuma! Wewe uliwajibu kwa utulivu wako ule: "Miye niko na vidole saba. Yeye iko na kumi. Muhesabu wenyewe."

Hatukusahau pia kiangazi cha 1954, cheche ya moto wako wa kufulia chuma iliporuka kwenye paa la nyasi. Garaje iliungua yote, na kidogo jikoni iungue nayo, mdogo wangu Georgette akiwa amelala ndani. Mama alimtoa akikohoa. Jioni ile alikwambia mbele yetu: "Baba Florentine, kazi naipenda. Lakini ule moto usikaribie tena batoto bangu." Ulinuna siku mbili. Siku ya tatu tulikuona unahesabu hatua kutoka jikoni, ishirini, ukachomeka mti. Pale ndipo ulipojenga upya, kwa matofali ya udongo tuliyoyafyatua wote pamoja. Mapipa matupu uliyakata kwa patasi, ukayanyoosha, yakawa mabati. Moto ukaupa kibanda chake peke yake, na pipa la mchanga kando. Ukatoboa dirisha kubwa upande wa ziwa, maana ulisema nusu ya makosa ya fundi yanatokana na giza. Kila chombo kikapata msumari wake ukutani, na umbo lake limechorwa kwa makaa, ili kisiporudi ionekane. Hukununua kitu zaidi ya misumari.

Ulikuwa na desturi zako, Baba. Baiskeli haikurudi kwa mwenyewe mpaka uipande mpaka sokoni na kurudi, na aproni yako kiunoni, ukisalimia kila mtu kama unayetoka safari. Tulikuwa tunaona haya. Sasa tungetoa nini tukuone tena hivyo!

Kisha tumbo likakuuma. Ulikwenda hospitali Albertville, ukakaa wiki tano kwa kaka yako, Baba Mukubwa Albert. Ulirudi umekonda, na baada ya siku kumi ukatuacha.

Matanga hayajaisha vizuri, maneno yakaanza ukooni. Vyombo ni vya ukoo. Mwanamke atafanya nini na fuawe? Albert ndiye mkubwa, atakuja na mashua kuvichukua. Mama hakubishana na mtu. Alivipaka mafuta kimoja kimoja, akavifunga kwenye magunia, akafunga mlango. Usiulize tulivyoishi wiki zile. Mdogo wangu Fabien alisema ataacha shule. Mimi nilimchukia Baba Mukubwa kabla hajafika, na kwa hilo naomba msamaha hapa mbele ya wote.

Alifika Januari. Akasalimia, akala, akaomba ufunguo. Akakaa ndani ya garaje kwenye stuli yako, anaangalia ukuta mtupu wenye maumbo ya makaa. Ndipo akaja mama Saumu, mke wa Uledi, na mashine yake ya kushona kichwani. Imekwama, na nguo za harusi ya mdogo wake hazijaisha.

Mama akamwambia, "Pole, mama Saumu. Garaje imefungwa."

Baba Mukubwa akasema kutoka ndani: "Hapana. Fanya, shemeji. Miye naangalia."

Mama alifungua gunia. Akaifungua mashine, akakuta kindoano cha kunasia uzi kimelika, akakisugua kwa tupa ndogo, akakirudisha, akatia mafuta. Kisha akashona mstari mrefu kwenye ukingo wa kitenge chake mwenyewe. Ulinyooka.

Baba Mukubwa akauliza, "Nani alikufundisha hii?"

"Ni marehemu."

"Basi alinambia kweli." Alisimama. "Alipokuwa kwangu mugonjwa, aliniambia: 'Kaka, garaje yangu iko na benyewe wawili. Miye nikienda, mwingine anabakia. Usiache mutu amutoshe, amufukuze mule.' Miye sikukuya kubeba kitu, shemeji. Nilikuya kuona, ili wakiniuliza niseme nimeona."

Mama alikaa chini palepale, akacheka, kicheko cha kwanza tangu uondoke, kisha akalia mpaka mama Saumu akalia naye. Jioni Baba Mukubwa aliwaita wazee wa ukoo, akasema neno lake, na tangu siku ile hakuna aliyelirudia lile la vyombo. Alirudi Albertville na gunia moja la unga wa muhogo, basi.

Kumbe ulikuwa umetulinda, Baba, na hukutuambia. Asante.

Fabien yuko shuleni. Georgette anasoma sasa. Mama amevirudisha vyombo kwenye misumari yake, ukuta wa nje ameupaka chokaa, na mlango ameupanua ili hata mkokoteni uingie. Juzi alikuja mtu kutoka Fizi na baiskeli iliyovunjika uma. Akachungulia ndani, akazunguka nyuma, akarudi, akauliza fundi yuko wapi.

Mama akafuta mikono kwenye aproni, akasema: "Ni miye. Ingiza."

Tunaokukumbuka: mke wako Émilienne, watoto wako Florentine, Fabien na Georgette, kaka yako Albert na nyumba yake Albertville, rafiki yako Uledi na mkewe Saumu.

Pumzika, Casimir Mlondani. Siku zote tutakazoishi, hatutaacha kukutaja.

Baraka, Novemba 1958