Somo la Tatu la Kaka

Kaka,

Salamu sina. Mama hajambo, ila goti linamsumbua. Cherehani yangu nimeitia mkanda mpya.

Nimemaliza masomo yako ya opsheni za hisa, yale ya video uliyonitumia kwa simu huku ukicheka kwamba fundi nguo hawezi kuelewa. Nimeelewa. Mtu analipa kidogo leo, anapata haki ya kununua baadaye kwa bei ya leo. Bei ikipanda, anachekelea. Ikishuka, anaachana nayo.

Hapo mguu ulinikwama kwenye pedeli. Kumbe ndiyo ile karatasi uliyonisainisha msibani! Ulinipa hela ya vitambaa ukasema, "Weka sahihi hapa, mdogo wangu, ni mambo ya kifamilia tu." Kumbe ulijinunulia haki ya kuchukua nusu yangu ya nyumba ya baba kwa bei ya mwaka ule, kabla barabara haijawekwa lami. Na baba alikuwa hata hajapoa kaburini! Huna haya.

Nilishika simu nikutukane. Kwa bahati somo la tatu lilikuwa limeanza, nawe unasema kwa maringo, "Angalieni tarehe, jamani. Ikipita, haki imekufa, hata bei ipande hadi mbinguni."

Nikaitoa karatasi kabatini, nikaisoma tarehe. Nikafunga mdomo miezi miwili, nikashona. Wewe ukangoja bei ipande zaidi. Tamaa mbele, mauti nyuma.

Tarehe yenyewe ilikuwa jana. Ndiyo maana nakuandikia leo.

Mwanafunzi wako,
fundi nguo