Waya Tatu Nyekundu Ndani ya Ukuta Wako

Mpendwa shemeji,

Katika mtaa wote wa Lumumba hakuna mtu anayejua waya za umeme kunishinda miye. Nisimamishe mbele ya prizi, lile tundu la umeme ukutani, hata kabla sijaifungua, nitakuambia fazi yenye moto iko wapi, netri inayorudisha moto iko wapi, na teri inayoshuka mpaka udongoni imelala upande gani.

Haya, cheka. Ni uongo. Weye mwenyewe ulinikuta nimekaa chini jikoni kwangu, kofia upande huu, turnevisi ya kufungulia skrubu upande ule, na dada yako amesimama juu yangu na mwiko wa bugali. Ukamuuliza, "Dada, muzee amegusa nini?" Akakujibu, "Amegusa pale ulimukataza." Miye niliacha masomo mapema, shemeji. Mwalimu alikuwa bado hajafika kwenye umeme.

Nakumbuka siku ulipovuta umeme ndani ya nyumba yako. Wenye kusoma wanasema bluu ni netri, kijani na manjano ni teri, nyekundu ni fazi. Kwako zote tatu zilikuwa nyekundu, kwa sababu sokoni palikuwa na bobini moja tu ya waya, na ilikuwa imeshuka kutoka machimbo ya dhahabu. Nikakuuliza kama unajenga nyumba ama unachora kidonda.

"Muzee," ukasema, "rangi ni ya wenye maduka. Siye tuko na vidole."

Ukatengeneza alama zako. Fazi uliikunja ncha kama ndoana ya samaki. Netri uliiacha imenyooka. Teri uliifunga uzi uliouchomoa kwenye kitenge cha bibi uliyemuoa, naye akalalamika mpaka jioni kwamba nguo yake inaishia ukutani. Ulinifumba macho na kitambaa, ukaniambia nizipapase, umeme ukiwa umekatwa. Nilizitaja zote sawasawa. Ukasema hata mbuzi angeweza. Nikakuambia basi mbuzi ndiye amemuoa dada yako. Bibi yako akatoka nje ili asicheke mbele yangu.

Asubuhi ile vijana walipoanza kuuliza watu majina barabarani ili wajue kabila, nilikimbia kwako kukusaidia kufunga mizigo. Nilijua jina lako halitapita. Nikakukuta umepiga magoti unafungua prizi. Siye wa Bunia tulishajifunza: wenye kupora wakikuta prizi hawana subira ya turnevisi, wanavunja ukuta. Ulitaka ukuta wako upone. Godoro ukaliacha, sufuria ukaziacha, ukajaza prizi ndani ya mfuko wa unga.

"Shemeji," nikakuambia, "kule Uganda hawana prizi?"

"Wako nazo. Lakini hizi ni zangu."

Halafu ukachukua pensi ya kukatia waya, ukakata alama, chumba kwa chumba. Ndoana zikaanguka kwenye simenti, na vipande vya uzi wa kitenge. Ukasema, "Mwenye kuingia humu, anitafute miye." Mukashika njia ya Kasenyi, kwenye mitumbwi ya ziwa, kwa miguu, bibi yako mbele na mutoto mgongoni, weye nyuma na mfuko unagonga-gonga. Tangu hapo hatujasikia neno.

Nyumba yako ninaichunga. Mlango waliuchukua, nimeweka wa mabati. Dari imekwenda. Ukuta umepona, ulifikiri vizuri. Ninakuandikia hivi kama mtu anayehesabu mbuzi wa jirani. Wakati wa risasi nilikuwa ninalia kwa kitu chochote, hata kuku akikosa kurudi. Sasa ninapita mbele ya kwako na ninachosikia tu ni mchanga ndani ya viatu vyangu. Dada yako ananiambia nimegeuka mti. Ninamwambia mti hauli bugali. Yeye hacheki, na miye pia sicheki, tunakula.

Nilimuuliza mama mmoja anayepandisha samaki kutoka Kasenyi. Nikamwambia atafute mtu asiye na nguo, mwenye prizi nyingi. Alinitazama akasema, "Muzee, watu waliopita pale ni wengi. Mitumbwi mingine ilifika." Nikanunua samaki.

Sasa kwako imelala familia moja iliyokimbia kutoka Djugu, mama na watoto wadogo. Na umeme umerudi katika avenyu yetu, unakuja na kuondoka unavyotaka. Zile waya tatu zinatoka ukutani kimo cha mutoto. Nilitoa fuzibo ili umeme ukatike, nikachanganya simenti katika ndoo, nikaenda kuziba ukuta tumalize. Dada yako akanikuta mlangoni, akasimama mbele yangu.

"Ukiziba, umesema amekufa," akaniambia. "Basi sema, nisikie."

Simenti ikakauka katika ndoo, na ndoo yenyewe imeharibika. Nilizifunga waya kwa utepe wa skochi, na yule mama wa Djugu anaendelea kuwasha koroboi. Haombi kitu. Anauliza tu, "Mwenyewe anarudi lini?" Dada yako anamjibu, "Karibu." Miye ninatazama ndoo.

Juzi nilirudisha fuzibo, nikaazima testeri. Fazi nimeipata, kile kitaa chake kidogo kiliwaka bila kunibembeleza. Lakini zile mbili nyingine zimenyamaza zote, na ampuli, ile balbu ya taa, ukiifunga kati ya fazi na yoyote kati yao, inawaka sawasawa. Netri na teri, hakuna anayezitenganisha kwa macho. Unajua kazi yake. Mmoja anakaa ndani na ampuli, mwingine anakwenda nyuma ya choo na buti za mpira, anafungua teri kwenye kile chuma kilichopigwa udongoni. Ampuli ikizima, waya uliyoishika ni teri. Ikiendelea kuwaka, ni netri.

Ningeweza kuita jirani. Wanaume waliokaa bure ni wengi. Sijaita, na sitaita.

Kwa sababu katika nyumba zote tulizozifunga pamoja, aliyekwenda nyuma ya choo ni miye. Miye muzee, nimechuchumaa kwenye matope, ninaita, "Imezima?" Na weye, mkavu ndani, unanyamaza makusudi ili niite tena, mpaka majirani wanatoka kuona ni nani anayelia chooni. Hakuna hata mara moja ulitoka nje. Kwa hiyo ninakudai zamu moja, si zaidi. Popote ulipo, njoo uilipe. Uchuchumae weye, miye nikae ndani na ampuli. Utaniuliza kama imezima, nami nitakujibu mara ya kwanza.

Usalimie bibi yako na mutoto.

Ni miye, muzee wa dada yako